Mchuuzi, Ombaomba na Mtoto wa Mtaani: Ufanye Nini Ukikutana Nao Stegini?

Ukishuka matatu jioni Donholm, Mutindwa, Umoja au Kayole, hupigi hatua kumi kabla hujaitwa. Huyu anakuuzia sukuma wiki iliyokatwa tayari, yule ana soksi za mtumba, mwingine anachemsha mayai na kupasua smoki. Mbele kidogo, kwenye ngazi za daraja la waenda kwa miguu, amekaa mzee asiyeona akiwa na bakuli lake. Kando yake mtoto wa miaka saba hivi anakushika mkono na kukuomba shilingi kumi ya chakula.

Wakazi wengi hujiuliza maswali yale yale. Je, ni halali kununua kando ya barabara? Kwa nini kaunti isiwaondoe wachuuzi wote, au iwaache wote? Nikimpa mtoto yule sarafu, nimemsaidia au nimemharibia? Na nikimpita bila kumpa chochote, mimi ni mtu wa aina gani?

Jibu fupi ni hili: hawa si watu wa aina moja, na sheria haiwatazami kwa jicho moja. Mchuuzi ni mfanyabiashara, naye anahitaji nafasi na kanuni. Mtu mzima anayeomba ni raia mwenye shida, naye anahitaji kuunganishwa na msaada. Mtoto anayeomba ni mtoto aliye hatarini, naye anahitaji simu yako kuliko shilingi yako. Makala haya yanaeleza kila mmoja kwa zamu.

KWA NINI WACHUUZI WAKO KANDO YA BARABARA

Mchuuzi hufuata miguu ya watu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi, na sehemu kubwa yao wanaishi upande huu wa mashariki, kuanzia Kamukunji na Makadara hadi kaunti ndogo zote za Embakasi. Wengi hutoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeingia. Mama anayeshuka stegini saa moja usiku hana muda wa kwenda sokoni; akipata nyanya, kitunguu na mboga njiani, watoto watakula mapema. Mchuuzi yuko pale kwa sababu mnunuzi yuko pale.

Ndiyo maana kuwahamisha wachuuzi hakutoshi. Soko la Muthurwa, lililofunguliwa mwaka 2008 kwenye ardhi ya reli, lilijengwa ili kuwapa nafasi wachuuzi wa katikati ya jiji. Wengi walihamia huko, lakini si wote waliobaki. Walioona wateja wamepungua walirudi barabarani. Majirani zetu wa Tanzania waliona jambo hilo hilo Dar es Salaam: jengo la Machinga Complex la Ilala lilijengwa kwa ajili ya maelfu ya wafanyabiashara wadogo, lakini wengi hawakukaa, wakisema wateja hawapandi ghorofani. Fundisho ni moja. Soko likijengwa mbali na njia ya watu, mchuuzi atarudi kwenye njia ya watu.

Hata hivyo, barabara nayo ina kazi yake. Outering Road, yenye urefu wa kilomita 13, ilipopanuliwa iliwekewa madaraja na njia za waenda kwa miguu kwa sababu watu walikuwa wakigongwa na magari wakivuka. Njia hiyo ikijaa meza na maturubai, mwenda kwa miguu anarudi kule kule alikotolewa, yaani katikati ya magari. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee wa mkongojo na mtu wa kiti cha magurudumu ndio wanaoumia kwanza. Kwa hiyo suala hapa ni kupatana juu ya nani apite wapi na nani auze wapi, bila kumfanya mchuuzi adui wa mwenye kupita.

NANI ANASIMAMIA NINI

Malalamiko mengi huchelewa kwa sababu yamepelekwa mahali pasipo pake. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti masoko, leseni za biashara, barabara za kaunti, uzoaji taka, na utoaji wa leseni kwa wanaouza chakula kwa umma. Kwa hayo, mlango wako ni ofisi ya kaunti ndogo au ya wadi yako.

Barabara kubwa haziko chini ya kaunti. Outering Road, kwa mfano, ilijengwa na Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA, ambayo ni taasisi ya serikali kuu. Eneo la kando ya barabara hiyo ni hifadhi ya barabara, na mtu anayejenga kibanda hapo anaweza kuamriwa aondoke hata kama analipa ushuru wa kila siku. Risiti ya ushuru inaonyesha kwamba umelipa. Haikupi umiliki wa ardhi. Jambo hili limewaumiza wafanyabiashara wengi walioweka akiba yao yote kwenye mabati na mbao kando ya barabara. Kabla hujajenga, uliza kwanza ardhi ni ya nani.

Polisi na Idara ya Huduma za Watoto ni za serikali kuu pia. Kwa familia zinazoishi mitaani kuna Hazina ya Urekebishaji wa Familia za Mitaani, iliyoundwa mwaka 2003. Machifu, ambao wengi wetu tunawajua kwa majina, ndio mlango wa karibu wa huduma nyingi za serikali kuu.

MCHUUZI: HAKI ZAKE NA WAJIBU WAKE

Kuuza ili kulisha watoto si hatia. Kinachosimamiwa ni mahali, usafi na malipo.

Kuhusu mahali, usiuze kwenye ngazi wala juu ya daraja la waenda kwa miguu, kwenye lango la hospitali au shule, wala juu ya mtaro wa maji. Acha njia ambayo watu wawili wanaweza kupishana, na kiti cha magurudumu kikapita bila mtu kusukumwa barabarani.

Kuhusu usafi, anayepika au kuuza chakula anatakiwa kuwa na cheti cha afya kutoka kwa maafisa wa afya ya umma, na cheti hicho huhitaji kupimwa upya kila baada ya miezi sita. Nairobi ilipata mlipuko wa kipindupindu mwaka 2017, na ugonjwa huo huenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu inaweza kulaza mtaa mzima. Maji safi, sabuni, kifuniko na kijiko havigharimu kama siku moja ya kufungiwa biashara.

Kuhusu malipo, lipa kaunti kwa njia iliyowekwa na udai risiti. Mtu anayetaka pesa mkononi bila risiti, hata akiwa amevaa sare, hakusanyi ushuru. Hilo ni jambo la kuripotiwa kwa ofisi ya kaunti ndogo au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Andika tarehe, saa, mahali na namba ya kitambulisho chake cha kazi ikiwezekana. Habari yenye tarehe na mahali hufuatiliwa; "wanatusumbua kila siku" ni vigumu kuifuatilia.

Ukikamatwa, una haki chini ya Kifungu cha 49 cha Katiba. Lazima uelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Ni lazima ufikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata iwapo saa hizo zinaishia mahakama ikiwa imefungwa. Bidhaa zikichukuliwa, omba orodha yake iandikwe. Askari wa kaunti naye anatakiwa kufanya kazi yake bila kupiga wala kutukana. Kifungu cha 28 kinasema kila mtu ana utu na utu huo uheshimiwe, na hakikumwacha nje mwenye kikapu.

Njia bora ya mchuuzi kusikika ni kuwa katika kundi. Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi ya mwaka 2012 inaruhusu wafanyabiashara wadogo kusajili vyama vyao. Chama kilichosajiliwa kina mwenyekiti, katibu na orodha ya wanachama, na kinaweza kukaa mezani na kaunti kujadili mahali na saa za kuuza. India ilienda mbali zaidi mwaka 2014 ilipotunga sheria ya wachuuzi wa mitaani. Sheria hiyo inaunda kamati za mji ambamo wachuuzi wenyewe wana angalau asilimia 40 ya viti, na inataka wachuuzi wahesabiwe kwanza kabla ya yeyote kuondolewa.

WEWE MNUNUZI

Pesa yako ndiyo inayompanga mchuuzi kuliko askari yeyote. Ukinunua kwa aliyejaza daraja, kesho watakuwa watatu. Ukitembea hatua ishirini zaidi ukanunue kwa aliyeacha njia au kwa mama mboga wa sokoni, ujumbe unafika bila kelele.

Bei iulizwe kabla ya kuonja au kupakiwa. Kama hununui, sema waziwazi, "Asante mama, leo sinunui," au "Nashukuru ndugu yangu, siku nyingine." Usimfanye afunue mzigo wote kisha uondoke, na usibembeleze bei hadi ukamwondolea faida ya shilingi tano aliyokuwa aipate. Naye mchuuzi akishaambiwa hapana mara moja, amwache mtu aende zake. Kumfuata mteja, hasa msichana anayetembea peke yake usiku, si kutafuta riziki bali ni kumtisha.

Wakati wa msongamano, simu na pochi viwe mbele yako. Wezi huchanganyika na wauzaji kwa sababu pale pana watu wengi. Haina maana kwamba muuzaji ni mwizi. Wachuuzi wenyewe mara nyingi ndio wa kwanza kupiga kelele za kukuokoa.

MTU MZIMA ANAYEOMBA

Zamani mtu asiye na kazi wala makao aliweza kukamatwa nchini Kenya kwa kuzurura tu. Sheria ya Uzururaji ilifutwa mwaka 1997. Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliyoko Arusha ilitoa maoni kwamba sheria zinazowaadhibu watu kwa sababu ya kuwa maskini au kukosa makao zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Kwa lugha ya kawaida, umaskini si kosa.

Kosa ni la anayemtuma mwingine. Sheria ya Kanuni za Adhabu inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemfanya au kumchochea mwenzake aombe. Na pale mtu anaposafirishwa, kufichwa na kulazimishwa kuomba ili mwingine apate pesa, hiyo ni biashara haramu ya binadamu. Katika miaka ya karibuni polisi na wanahabari wameonyesha jinsi watu wenye ulemavu, wakiwemo watoto kutoka Tanzania, walivyoletwa katika miji ya Kenya, wakawekwa kwenye viti vya magurudumu kando ya barabara, na jioni mapato yao yakachukuliwa na wenyeji wao. Adhabu chini ya sheria ya mwaka 2010 ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Je, umpe mtu mzima? Hilo ni lako na dhamiri yako, na hakuna ofisi itakayokuzuia kuwa na huruma. Lakini kuna msaada unaodumu zaidi ya sarafu. Ongea naye kwanza, kwa heshima anayostahili mtu wa umri wake: "Shikamoo mzee, unakaa wapi? Una kitambulisho?" Maswali hayo mawili hufungua mambo mengi. Mkenya aliyetimiza miaka 70 anaweza kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kuna sehemu ya mpango huo kwa watu wenye ulemavu mkubwa, na nyingine kwa kaya zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu. Orodha hazifunguliwi kila siku, lakini asiye na kitambulisho hataingia hata zikifunguliwa. Kumpeleka mzee kwa chifu apate barua na kitambulisho kunaweza kuwa sadaka kubwa kuliko noti ya mia. Kwa wazee wasio na mtu kabisa, kaunti ina makao ya Mji wa Huruma. Huko mtu hufikia kupitia maafisa wa huduma za jamii.

MTOTO ANAYEOMBA

Hapa tunaomba usome polepole.

Mwaka 2018 serikali ilifanya hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani. Walipatikana watu 46,639 nchini kote, na kati yao 15,337 walikuwa Nairobi. Karibu mmoja kati ya kila watatu alikuwa katika kaunti yetu. Wengine wamezaliwa mitaani na sasa ni wazazi wenyewe.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mtoto anasimama stegini na watu 40 wanampa shilingi kumi kila mmoja. Hizo ni shilingi 400 kwa siku moja, na kuna mzazi wa kibarua anayefua nguo kutwa nzima bila kufikisha hapo. Nani atamrudisha mtoto huyo darasani? Kila aliyetoa sarafu alitoa kwa roho safi, lakini zote pamoja zimekuwa mshahara wa kumweka pale. Na akifikisha miaka kumi na tatu, huruma ya wapita njia huisha, sarafu hukoma, na anayemkaribisha ni mwenye chupa ya gundi.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema mtoto anayepatikana akiomba ni mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Haimwiti mhalifu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaifanya elimu hiyo kuwa lazima. Kwa hiyo mtoto aliye barabarani siku ya shule ni jambo ambalo una haki ya kuliripoti, na hulazimiki kuwa na ushahidi wa kosa lolote.

Fanya hivi:

1. Piga 116. Ni simu ya msaada kwa watoto, haina malipo, na hupokelewa mchana na usiku. Hulazimiki kujitambulisha.

2. Eleza mahali hasa: jina la stegi au daraja, upande gani wa barabara, saa ngapi, umri wa kukadiria, nguo alizovaa, na kama kuna mtu mzima anayemchukulia pesa.

3. Usimpige picha na kuisambaza. Picha hiyo itamfuata akiwa mtu mzima, na leo inaweza kumwonyesha mwenye kumtafuta mahali alipo.

4. Usimchukue kwenda naye nyumbani, hata kwa nia njema. Mtoto hukabidhiwa kupitia afisa wa watoto au kituo cha polisi, ili kuwe na kumbukumbu ya alipotoka na alipo.

5. Kama ana njaa, mnunulie chakula akile hapo hapo. Chakula alichokula hakiwezi kuchukuliwa na mtu jioni.

6. Kama anapigwa au yuko hatarini wakati huo, piga polisi, 999 au 112. Kwa ukatili wa kijinsia, piga 1195.

Na jina "chokoraa" tuliache. Mtoto ana jina lake, muulize.

UKISAFIRI KWENDA PWANI

Likizo ya Desemba ikifika, wengi wetu hupanda gari moshi au basi kwenda Mombasa, na siku ya kwanza tu tuko ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule tunaouita Pirates. Huko sisi ndio wageni, na waliotuzunguka ni wauza madafu, mihogo, viazi karai na leso, wakodishaji wa maboya na mashua, na watoto wanaoomba. Mtu aliyelalamika kuwa wachuuzi wa Jogoo Road wamezidi hujikuta akisema hayo hayo mchangani.

Kanuni hazibadiliki kwa sababu kuna bahari. Uliza bei kabla ya kupanda mashua au ngamia, na usipande mashua bila jaketi la kuokolea. Kataa kwa upole na kwa uwazi, mara moja. Nunua kwa mwenye kuuza kwa haki, maana mgeni akitumia pesa yake kwa mwenyeji, mwenyeji naye anaishi. Na mtoto anayeomba ufuoni ana hatari ileile ya mtoto wa Donholm, pengine zaidi, kwa sababu wako watu wazima wanaokwenda huko wakiwatafuta watoto. Katika hesabu ya 2018, Mombasa ilikuwa ya pili baada ya Nairobi, na watu 7,529. Namba 116 inafanya kazi huko pia.

SAUTI YAKO KWENYE BAJETI

Soko lenye maji, choo na taa, lililo karibu na stegi, haliji kwa bahati. Huandikwa kwanza kwenye mpango. Kila mwaka kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo kwenye Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo sheria inataka wananchi washirikishwe. Mikutano hiyo hutangazwa, na mara nyingi viti vingi hubaki vitupu.

Wachuuzi wa stegi yako, chama cha wakazi wa mtaa wako na mwakilishi wadi wako wakikaa pamoja kabla ya Agosti kuisha, wanaweza kuandika ombi la ukurasa mmoja: mahali gani panafaa kuwa soko, watu wangapi watauza hapo, njia gani iachwe wazi, na mtoto anayeonekana pale aripotiwe na nani. Liwasilisheni kwenye ofisi ya wadi, mhifadhi nakala iliyopigwa muhuri, kisha mwende mkutanoni nayo.

Hadi hapo, jioni ya leo utashuka tena stegini. Mboga utanunua kwa aliyeacha njia. Mzee utamsalimu. Na kwa ajili ya mtoto, utapiga 116.